Jina Lisilo na Mwenyewe: Historia ya Melocactus na Swali la Kuitafsiri

Mfasiri anapokutana na neno refu la kitaalamu, husimama. Hufungua kamusi, huuliza wenzake, pengine hupeleka swali lake kwa Baraza. Lakini yako maneno yanayopita bila kuulizwa lolote, kwa sababu yanaonekana kuwa yamekwisha kutafsiriwa zamani. Moja la maneno hayo ni lile ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa mimea ya Amerika yenye mashina manono na miiba mingi, ambayo aghalabu haina majani. Makamusi yetu hutoa mpungate, na mengine hutoa dungusi kakati. Mfasiri huandika mpungate, akaendelea na kazi yake.

Makala haya yanafuata historia ya jenasi moja tu ya mimea hiyo, iitwayo Melocactus katika Kilatini cha wataalamu. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, jina la ukoo mzima lilipitia mikononi mwake, na safari ya jina hilo ni somo kwa kila mtu aundaye istilahi. Pili, hii ni mimea ya nchi za joto ambayo baadhi ya spishi zake zimo hatarini kutoweka; kwa hiyo jina lake si jambo la wanabotania peke yao. Limeandikwa katika sheria za mataifa, na Kiswahili nacho kinatakiwa kiziandike sheria hizo.

Ili uzito wa jambo uonekane, tuchukue mfano wa sentensi moja. Mwaka 2015 ulitolewa uchunguzi mkubwa uliopima spishi 1,478 za ukoo huu, ukagundua kwamba asilimia 31 kati yake zimo hatarini kutoweka. Mfasiri akiandika kwamba karibu thuluthi moja ya mipungate imo hatarini kutoweka, hajasema uongo kwa mujibu wa kamusi. Lakini msomaji wa Laikipia, nchini Kenya, atashangaa, na pengine atacheka. Kwake yeye mpungate ni adui. Ni Opuntia iliyoletwa kutoka Amerika, ikaenea malishoni ikaziba njia za ng'ombe, na miiba ya matunda yake hujeruhi vinywa vya mifugo, hata mwaka 2014 wakaletwa wadudu maalumu wa kuila. Mtu huyo akiambiwa kwamba mpungate unakwisha duniani, atajibu kwamba na uishe upesi. Kosa si lake. Neno lake lina maana moja, na sisi tumelibebesha maana ya ukoo wenye spishi zaidi ya elfu moja na mia nne.

Yafaa sasa tuufahamu mmea wenyewe. Jenasi ya Melocactus ina spishi thelathini na kitu, au karibu arobaini kwa hesabu ya wataalamu wengine. Huota kuanzia Meksiko, kupitia Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, hadi Peru na Brazili. Na makao yake makuu, palipo na spishi nyingi kuliko kwingineko, ni mashariki ya Brazili, hasa katika jimbo la Bahia. Mmea mchanga ni kama tufe, au tikiti dogo la kijani, lenye mbavu zilizosimama na mafungu ya miiba juu ya mbavu hizo. Hukaa hivyo kwa miaka mingi, ukikua polepole pasipo kutoa hata ua moja. Kisha, ukiisha kupevuka, hufanya jambo ambalo ni wachache katika ukoo wake walifanyao: mwili huacha kukua, na utosini huanza kuota kitu kingine kabisa, kisicho na rangi ya kijani, kilichosongamana sufu nyeupe na vijinywele vigumu vya rangi nyekundu. Kitu hicho hurefuka mwaka hata mwaka, na katika spishi ya Melocactus intortus ya visiwa vya Karibi huweza kupita urefu wa mwili uliokibeba. Wataalamu hukiita kwa neno lililotokana na Kigiriki lenye maana ya kichwa, nasi kwa sasa tukiite sefalio.

Maua hayaoti mahali pengine ila humo. Ni madogo, ya rangi ya waridi iliyokoza, hufunguka alasiri kwa saa chache tu, na aghalabu huchavushwa na ndege wavumaji, yaani wale ndege wadogo wa Amerika wanaoelea hewani huku wakifyonza mbochi. (Hapa pana mtego mwingine wa mfasiri, nami nautaja kwa kupita: wapo waliomwita ndege huyo chozi. Chozi wetu hufanya kazi ile ile, na mdomo wake umefanana na wa yule, lakini ukoo ni mbali. Tutaona punde kwamba kosa la chozi na kosa la mpungate ni ndugu.) Matunda nayo hukua yakiwa yamefichwa ndani ya sufu, na yakiiva husukumwa nje, yakachomoza kama pilipili ndogo za waridi. Mijusi huyala na kuzitawanya mbegu. Kwa Melocactus violaceus, aotaye katika michanga ya pwani ya Brazili, jambo hilo limechunguzwa na kuthibitishwa.

Umbo hili ndilo lililoupendeza mmea huu machoni pa watu, na ndilo lililouponza. Mnunuzi hataki tufe la kijani. Anataka mmea wenye kofia. Lakini mmea wenye kofia ni mzee. Mizizi yake imetanda mbali, tena juujuu ya ardhi, na ukiing'oa huikati bila kuijeruhi. Mimea mingi iliyong'olewa porini katika hali hiyo husinyaa na kufa katika bustani za watu, ikiwa imekwisha kulipiwa.

Sasa turudi kwenye jina. Theofrasto wa Ugiriki, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika zaidi ya miaka 2,200 iliyopita juu ya mmea wa miiba uitwao kaktos, unaoota Sisilia wala hauoti Ugiriki, ambao watu walikula mabua yake na moyo wake. Mmea huo haukuhusiana hata kidogo na mimea tunayoizungumza. Ulikuwa wa jamaa ya mbigili. Theofrasto hakuijua Amerika, wala hapakuwa na njia ya kuijua.

Baada ya mwaka 1492 mabaharia waliorudi kutoka visiwa vya Karibi walileta Ulaya mambo mengi ya ajabu, na mmea huu ulikuwa miongoni mwayo, maana huvumilia safari ndefu bila kunyweshwa maji. Mwishoni mwa karne ya 16 ulikuwa umekwisha kuingia katika vitabu vya mitishamba. John Gerard wa London, katika kitabu chake cha mwaka 1597, aliuandika kwa jina la Kilatini lililounganisha tikiti, mbigili na miiba ya kalunguyeye. Hatuna haki ya kumcheka. Mtu aonapo kitu asichokijua, hukifunga kamba kwa vitu anavyovijua, nasi tulifanya hivyo hivyo tulipoyaita mananasi, mahindi na viazi kwa majina tuliyokuwa nayo au tuliyoyapata kwa wageni. Wengine waliiondoa mbigili ya Kilatini, wakatia kaktos ya Kigiriki, ambayo nayo waliijua kuwa ni mmea wenye miiba; ndipo likatokea jina la tikiti-kaktos, yaani Melocactus. Mwanzoni mwa karne ya 18 Mfaransa Joseph Pitton de Tournefort alilitumia jina hilo kwa kundi zima la mimea ya namna hii.

Hapo ndipo mmea wa Sisilia ulipoanza kunyang'anywa jina lake. Carl Linnaeus wa Uswidi, ambaye hakupenda majina marefu, alilikata jina la Tournefort: akaacha tikiti, akabakiza Cactus. Kisha, katika kitabu chake cha mwaka 1753 ambacho ndicho msingi wa majina ya mimea hadi leo, alikusanya chini ya jina hilo spishi 22 za sura mbalimbali: za mviringo, za nguzo, za kutambaa, na zile za bapa ambazo sisi huziita mipungate. Mmea uliolipatia kundi jina lake ukashushwa daraja, ukawa spishi moja tu kati ya hizo, Cactus melocactus. Ni kama baba wa nyumba aliyewapa jina lake wapangaji wote, kisha yeye mwenyewe akapewa chumba cha uani.

Haikuchukua muda mrefu watu kuanza kuligawa kundi hilo. Mwaka 1754 Philip Miller, mtunza bustani ya Chelsea, aliyarudisha baadhi ya makundi ya zamani, ikiwamo Opuntia. Mwaka 1812 Adrian Haworth alizitenga zile zenye vichuguu mwilini badala ya mbavu, akaziita Mammillaria. Mwaka 1827 Link na Otto wa Berlin waliirudishia jenasi yetu jina lake la Melocactus. Kila mmoja alichukua fungu lake, na jina Cactus likabaki kama mfuko uliotolewa nafaka.

Mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna mwaka 1905 ulilikata shauri. Jina Cactus lilikataliwa lisitumike tena kwa jenasi yoyote, na Mammillaria likapewa hifadhi mahali pake. Lakini jina la ukoo, Cactaceae, lilikuwa limekwisha kuzoeleka mno, likaachwa. Matokeo yake ni jambo ambalo ni nadra katika elimu ya mimea: ukoo unaoitwa kwa jina la jenasi, na jenasi yenyewe haipo. Hata hivyo si wote waliotii. Wamarekani Britton na Rose, walioandika juzuu nne za ukoo huu kati ya mwaka 1919 na 1923, waliendelea kuliita kundi la mimea yenye kofia kwa jina Cactus, wakiona kuwa ndilo lenye haki nalo. Kwa mantiki ya historia walikuwa na hoja. Kwa mantiki ya matumizi walishindwa, na leo hakuna awafuataye.

Wakati huo huo lilitokea kosa la upande wa pili, nalo latufaa sisi waundaji wa istilahi kuliko hata lile la Linnaeus. Mwholanzi Miquel aliandika kitabu kizima juu ya jenasi hii kilichotoka karibu na mwaka 1840. Baadaye Suringar, profesa wa Leiden, alisafiri mwaka 1884 na 1885 hadi visiwa vilivyokuwa chini ya Waholanzi katika Karibi, vikiwamo Curaçao na Aruba. Mimea yenye kofia ya visiwani humo hutofautiana sana mmoja na mwingine: huu una miiba mirefu, ule mifupi, huu mbavu kumi na mbili, ule kumi na tano. Suringar akatoa majina ya spishi mpya kwa makumi. Britton na Rose walipoyapitia waliyafuta karibu yote, na leo mimea yote hiyo huhesabiwa kuwa ni spishi moja, Melocactus macracanthos. Linnaeus alitoa jina moja kwa vitu vingi. Suringar alitoa majina mengi kwa kitu kimoja. Aliyewahi kuketi katika kikao cha istilahi amekwisha kuwaona wote wawili mezani.

Tukiyaacha majina ya wataalamu tukaingia katika majina ya watu wa kawaida, tunakuta jambo lenye kufurahisha. Waingereza wa Karibi waliiona sefalio nyekundu wakakumbuka kofia ya Mturuki, wakauita mmea kwa jina hilo. Na visiwa vya Turks na Caicos, kaskazini ya Haiti, vyasemwa kuwa vilipata sehemu ya kwanza ya jina lake kutokana na mmea huu, nao umo katika nembo yao mpaka leo. Wafaransa wa Guadeloupe na Martinique waliutazama mmea ule ule wakauita kichwa cha Mwingereza. Wabrazili huuita cabeça-de-frade au coroa-de-frade, yaani kichwa au taji la mtawa, kwa kuwa watawa wa Kikatoliki wa zamani walinyoa utosi wakaacha duara la nywele. Kila watu walikiona juu ya mmea huu kichwa cha mtu mwingine asiye wao. Ni watu wa Curaçao tu, katika lugha yao ya Kipapiamento, wasiomtania mtu: wao husema melon di seru, tikiti la kilimani.

Majina haya ya kawaida yanatuonyesha pia jinsi mmea ulivyotumiwa. Kaskazini-mashariki ya Brazili, nchi ya ukame, watu hupika peremende na vyakula vitamu kwa nyama ya coroa-de-frade, na mwaka wa njaa huichoma miiba wakawapa ng'ombe. Matumizi hayo ni ya zamani. Hasara kubwa ya siku hizi imetoka kwingine.

Chukua Melocactus conoideus. Spishi hii ilielezwa kitaalamu mwaka 1973 na Waholanzi Buining na Brederoo, nayo huota katika milima ya Serra do Periperi, kando ya mji wa Vitória da Conquista, jimboni Bahia. Makao yake ni uwanda wa kokoto nyeupe, ambamo mmea huzama karibu wote, ikabaki kofia juu ya mawe. Kokoto hizo ndizo zinazotafutwa na wajenzi. Zimechotwa kwa miaka mingi kwa ajili ya barabara na nyumba, na mji nao umepanuka kuelekea mlimani. Pamoja na hayo wapo wakusanyaji, ambao kwao maelezo ya kitaalamu yanayotaja mahali spishi ilipo ni sawa na ramani. Shirika la kimataifa la uhifadhi linaiweka spishi hii katika daraja la hatari kubwa kabisa kabla ya kutoweka porini. Melocactus violaceus naye, wa michanga ya pwani, hupoteza makao yake kila zijengwapo nyumba za mapumziko ufukweni. Na yule Melocactus glaucescens, aliyeelezwa mwaka 1972, ni wa eneo la Morro do Chapéu, jina ambalo kwa Kireno maana yake ni kilima cha kofia. Hapo hata mahali pamejiita kabla ya mfasiri kufika.

Linalosikitisha ni kwamba mimea hii huota vyema kutokana na mbegu. Bustani yenye subira huweza kuizalisha kwa wingi bila kugusa ule wa porini. Lakini kofia huhitaji miaka, na biashara haipendi miaka.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ambao watu wengi huujua kwa kifupi chake CITES, ulitiwa sahihi Washington mwaka 1973, ukaanza kutumika mwaka 1975. Kenya iliuridhia mwaka 1978, na Tanzania mwaka 1979. Ukoo wa Cactaceae karibu wote umo katika Kiambatisho cha Pili, maana yake hauvuki mpaka bila kibali. Na spishi nne za Melocactus, yaani conoideus, deinacanthus, glaucescens na paucispinus, zimo katika Kiambatisho cha Kwanza, ambamo biashara ya mimea iliyotolewa porini imekatazwa kabisa. Spishi za Euphorbia zenye mashina manono nazo zimo katika Kiambatisho cha Pili, na miongoni mwa hizo ziko nyingi za nchi zetu wenyewe.

Hebu sasa tumfikirie ofisa wa forodha wa Mombasa au wa Dar es Salaam aliyepewa maelekezo ya Kiswahili yasemayo kwamba mipungate yote yahitaji kibali. Yeye anaujua mpungate: ni ule wa bapa, kama viganja vilivyounganishwa. Kikipita kisanduku chenye matufe ya kijani yaliyovaa kofia nyekundu, maelekezo yake hayamwambii neno. Au, kinyume chake, anakuta mmea mnono wa miiba kutoka milima yetu, auite mpungate, aandike kibali cha ukoo wa Cactaceae, kumbe ni wa ukoo wa mnyaa. Kibali hicho kikifika ughaibuni kitakuwa kibovu. Kosa lake ni lile lile la chozi na ndege mvumaji. Mnyaa na ndugu zake wa Afrika, na mimea ile ya Amerika, walikabiliwa na ukame mmoja wakavaa nguo za mshono mmoja, lakini hawakuzaliwa nyumba moja. Ukitaka kuwatambua, mtie mnyaa kisu: hutoa utomvu mweupe kama maziwa, unaowasha ngozi na kudhuru macho. Mimea ya ukoo wa Melocactus, isipokuwa michache kama baadhi ya Mammillaria, haina maziwa hayo. Tena mafungu yake ya miiba hutoka kila moja katika kijitakia kidogo chenye sufu, na kijitakia hicho hakimo katika mnyaa hata mmoja.

Basi tuandikeje? Mapendekezo yangu ni haya, nami nayatoa yapate kupingwa.

Neno mpungate liachwe lilipo, liwe jina la Opuntia, na pungate liwe tunda lake. Kulipanua liwe jina la ukoo ni kurudia alilolifanya Linnaeus kwa kaktos, na tumekwisha kuona kwamba jambo lile lilihitaji miaka mia moja na hamsini na mkutano wa mataifa kulirekebisha. Dungusi kakati lina ubaya wa kuwa maneno mawili yasiyosemwa na watu wengi. Nimelikuta katika makamusi mara nyingi kuliko vinywani. Kwa ukoo mzima afadhali tukope, tuseme kakti. Najua watakuwapo wasemao kwamba mimea ya Kiswahili haina budi kuingia katika ngeli ya m- na mi-, na kwamba ingefaa iwe mkakti, mikakti. Hoja hiyo ina nguvu kwa miti yenye tunda linalotajwa mbali na mti wake, kama mwembe na embe. Lakini yako majina ya mimea yasiyofuata ngeli hiyo, kama vile katani na alizeti, wala hakuna anayeona kasoro. Kakti hii, kakti hizi, nadhani yatosha.

Kwa sefalio wako waliofikiria kichwa, kwa kufuata Kigiriki neno kwa neno. Siliungi mkono. Mfanyakazi wa bustani akiambiwa asikate kichwa cha kakti, atadhani ni ncha ya shina lolote, na kakti zote zina ncha. Wengine watasema kilemba. Neno ni zuri, ila kilemba huzungushwa tabaka kwa tabaka, na tena neno lenyewe limekwisha kupewa kazi nyingine, toka ada ya fundi hata malipo ya mpangaji anayeingia katika nyumba. Kitu kile cha utosini hakikuzungushwa. Kimesimama wima, ni cha sufu iliyoshikamana, na wekundu wake ni wa nyuzi zake zenyewe. Sisi tunacho kitu cha namna hiyo, tunacho na jina lake. Tarbushi ilivaliwa na askari wa King's African Rifles, ilivaliwa na wapigaji taarab wa Unguja, na wazee wengi wa pwani wamepigwa picha nayo. Tukisema tarbushi hatumtanii Mturuki wala Mwingereza wala mtawa, maana kofia hiyo ilikwisha kuwa yetu. Sefalio basi iwe tarbushi, na jenasi nzima iitwe kakti-tarbushi katika maandishi ya watu wote. Jina la Kilatini libaki vile vile, kwa herufi zake, katika vibali na orodha za kisheria, maana huko hapatafsiriwi kitu.

Kijitakia kinachotoa miiba nakiita kitakia. Ni neno jepesi, lafahamika na mtoto wa shule ya msingi, na mwalimu aweza kulitumia kesho asubuhi kuonyesha tofauti kati ya mpungate wa uani na mnyaa wa uani.

Limebaki jambo moja. Imezoeleka kusema kwamba kakti zote ni za Amerika, na mfasiri asiyeangalia ataiandika sentensi hiyo bila wasiwasi. Si kweli kabisa. Iko spishi moja, Rhipsalis baccifera, inayoota kwa asili katika bara la Afrika, Madagaska na Sri Lanka vilevile, na katika misitu ya Afrika Mashariki huning'inia matawini mwa miti mikubwa kama kamba za kijani, yenye vitunda vyeupe vidogo kama shanga. Haina miiba ya kuonekana, haina tarbushi, na anayeipita chini yake hadhani hata kidogo kwamba ni ya ukoo mmoja na mpungate. Imekuwako kabla ya Opuntia kuletwa. Mmea wa kwetu haustahili kuitwa kwa jina tuliloazima. Wasomaji waishio karibu na misitu ya Usambara, Uluguru na kwingineko, na walimu ambao wanafunzi wao huenda kuokota kuni humo, waliandikie jarida hili jina ambalo wazee wa huko huliita, pamoja na lugha ya mahali na namna linavyotamkwa kwa wingi.